Kasulo: Waliosoma mawe ya Kolwezi, na wanaoishi juu yake

KOLWEZI – Katika mtaa wa Kasulo, mtu akichimba nyuma ya nyumba yake, majirani huuliza kwanza rangi ya udongo. Ukiwa mwekundu, kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Ukiwa mweusi, habari inafika mitaa mingine kabla ya giza kuingia.

Hivyo ndivyo ilivyoanza mwaka wa 2014. Mwenye parseli mmoja alikuwa anachimba (wengine husimulia kwamba ni kisima, wengine husema ni choo) akafikia jiwe jeusi, zito kuliko lilivyoonekana kwa macho. Lilikuwa heterojeniti, jiwe lenye kobalti. Haikupita miezi mingi, Kasulo ikaacha kuwa mtaa wa kulala tu. Mashimo yakafunguliwa uwanjani, kando ya njia, hata ndani ya nyumba, na juu ya mashimo yakatandazwa mahema ya plastiki ili mvua isiwakute watu chini.

Tangu siku ile Kasulo imeandikwa sana: watoto wanaookota mawe, vumbi, betri za simu na za magari ya umeme huko Uchina, Ulaya na Marekani. Lakini swali moja limeulizwa kidogo. Udongo wa Katanga umesomwa kwa zaidi ya miaka 130. Umepimwa, umechorwa kwenye ramani, umetobolewa kwa mashine, na vyama vya wanajiolojia vya Ulaya vimechapisha juu yake kurasa kwa maelfu. Imekuwaje basi kobalti ya Kasulo ikafunuliwa na mtu aliyeshika koleo nyuma ya nyumba yake?

Vipande vya sahani ndani ya bukari

Kwanza, jiwe lenyewe. Wanajiolojia hugawa mawe ya eneo hili katika mafungu makubwa matatu: Roan chini, Nguba katikati, Kundelungu juu. Yale ya Roan yalianza kujilaza chini ya miaka milioni 900 iliyopita, wakati sehemu hii ya dunia ilikuwa bahari ya kina kifupi, yenye matope, chumvi na maji yaliyokauka na kurudi. Ndani ya Roan kuna fungu dogo ambalo Wabelgiji waliliita Série des Mines. Unene wake ni wa mita mia chache tu, na humo ndimo shaba na kobalti za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zilimokaa kwa wingi.

Wazee waliofanya kazi Gécamines wanazijua herufi zake: RAT, DStrat, RSF, RSC, SD, CMN. Kila herufi ni tabaka moja la jiwe, na kila tabaka lina tabia yake. RSC, kwa mfano, ni jiwe gumu lenye matundu kama sifongo. Lilijengwa na viumbe vidogo sana vilivyoishi kwa makundi ndani ya maji yale, kabla dunia haijajua samaki wala majani ya nchi kavu. Shaba na kobalti hukaa zaidi chini yake na juu yake. Lenyewe mara nyingi ni maskini. Mchimbaji anayeijua RSC hapotezi siku tatu akiigonga bure.

Kisha, kati ya miaka milioni 600 na 500 hivi iliyopita, ardhi ilibanwa. Matabaka yalikunjwa, yakavunjika, mengine yakasukumwa juu ya mengine kwa kilometa nyingi. Mkunjo huo unaitwa upinde wa Lufira, nao unatoka upande wa Kolwezi, unapita Likasi na Lubumbashi, unaingia Zambia. Kolwezi imejengwa kwenye ncha ya magharibi, juu ya bamba moja la mawe lenye urefu wa kilometa 20 hivi na upana wa kama nusu yake. Ndani ya bamba hilo, Série des Mines haikubaki tabaka moja refu. Imekatika vipande, vingine vya kilometa nzima, vingine vya mita chache, vimelala kila upande ndani ya udongo laini uliosagika. Ni kama sahani iliyovunjika na vipande vyake kuangukia ndani ya bukari. Kamoto ni kipande, Musonoi ni kipande, Mutoshi ni kipande. Kwa hiyo, kukuta kipande kingine chini ya mtaa wa watu si muujiza. Mwanajiolojia yeyote aliyesoma Kolwezi asingeshangaa.

Jambo la mwisho ndilo lililoifanya Kasulo kuwa Kasulo. Kwa mamilioni ya miaka, maji ya mvua yameshuka ndani ya mawe haya na kuyaozesha. Shaba huyeyuka kwa urahisi zaidi, inakwenda na maji, inashuka au inahama. Kobalti ni mvivu wa kusafiri. Inabaki karibu na uso wa ardhi na kugeuka kuwa heterojeniti, ile nyeusi. Wataalamu huliita tabaka hilo kofia ya kobalti. Mawe yaliyooza ni laini, na ndiyo sababu kijana mwenye mtarimbo, nyundo na kamba anaweza kufika mahali ambapo kampuni ingeleta tingatinga. Tena kwa miaka mingi wenye mashine hawakuwa na haraka na jiwe hilo: Union Minière, na Gécamines baada yake, walitafuta shaba kwanza, kobalti ikifuata kama mtoto nyuma ya mama yake.

Nyundo ya Cornet

Wa kwanza kuyasoma mawe haya hawakuwa na vitabu. Walisoma vilima. Mahali penye shaba nyingi, miti haioti. Kilima kinabaki upara, na juu yake huota majani machache yanayovumilia sumu hiyo. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, wataalamu wa mimea waliuita ua la shaba, na kuna mwingine, Crotalaria cobalticola, uliopewa jina lake kwa ajili ya kobalti. Wafua shaba wa Katanga walichimba malakiti, wakaiyeyusha, wakaimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo imefukuliwa ndani ya makaburi ya zamani kule Sanga, katika bonde la Upemba, ambako watafiti wa mambo ya kale walichimba kuanzia mwaka wa 1957. Ilikuwa mali, na baadaye ikawa pesa, karne nyingi kabla Mzungu hajafika Bunkeya kwa Mwami M'siri.

M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Mwaka uliofuata, msafara wa Bia na Francqui ulipita Katanga ukiwa na kijana wa Kibelgiji aliyeitwa Jules Cornet, mwanajiolojia. Kapteni Bia alifia njiani mwaka wa 1892, Francqui akashika uongozi, na Cornet akaendelea kugonga mawe na kuandika. Ndiye aliyepanga mawe ya Katanga kwa mara ya kwanza kwa njia ya kisayansi. Maneno ambayo kila Mkongomani ameyasikia shuleni, kwamba nchi yetu ni kashfa ya kijiolojia, yanahusishwa na yeye. Maneno hayo yamezoeleka mno, hata wanasiasa wanayatumia kama sifa. Yangefaa yawe mwanzo wa maswali.

Baada ya Cornet walikuja Waingereza wa Tanganyika Concessions, kampuni ya Robert Williams, wakiongozwa na George Grey. Ndani ya miaka michache waliandikisha machimbo kwa makumi. Siri ya mwendo huo haikuwa elimu tu: karibu kila mahali walipoonyeshwa, mashimo ya wenyeji yalikuwepo tayari. Vitabu vinasema Grey alivumbua. Waliomwongoza njia hawakuandikwa.

Mwaka wa 1906 Union Minière du Haut-Katanga ikaanzishwa. Mwaka wa 1908 ramani ya jiolojia ya Katanga ikatoka, imetiwa sahihi na Studt, Cornet na Buttgenbach. Mwaka wa 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa Lubumbashi, kutoka machimbo ya Étoile, ambayo wenyeji waliyajua kwa jina la Kalukuluku.

Hapo ndipo vyama vya wanajiolojia vinaingia. Société géologique de Belgique, chama kilichozaliwa Liège mwaka wa 1874, kilifungua mfululizo mzima wa machapisho juu ya Kongo na nchi jirani. Mhandisi aliyekaa porini miezi sita akirudi Ubelgiji alisoma taarifa yake mbele ya wenzake, ikajadiliwa, ikachapwa. Huku Katanga, Comité Spécial du Katanga ilikuwa na ofisi yake ya jiografia na jiolojia, ikiongozwa na Maurice Robert, mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchora ramani za jimbo hili. Na Union Minière yenyewe ilijenga idara ya jiolojia iliyojulikana duniani, pamoja na makumbusho ya mawe kule Likasi, wakati huo Jadotville.

Kazi yao ilikuwa kubwa, haifai kuidharau. Jiwe la kijani na buluu lililopatikana Étoile liliitwa korneti, kwa heshima ya Cornet. Likasi ilitoa jiwe linaloitwa likasiti, na Musonoi, hapa hapa Kolwezi, ilitoa kolweziti. Machimbo ya Musonoi peke yake yaliipa dunia familia nzima ya mawe adimu yenye uraniumu na seleniumu. Lakini tazama majina yao: demesmaekeriti, kwa mkuu wa idara ya jiolojia ya Union Minière, marthoziti, kwa mkurugenzi wa kampuni, derriksiti, kwa msimamizi wake. Kwingine katika Katanga kuna sengieriti, kwa Edgar Sengier aliyewauzia Wamarekani uraniumu ya Shinkolobwe, na katieriti, kwa mwenyekiti Félicien Cattier. Ukisoma orodha hiyo, ni kama unasoma meza ya kikao cha wakubwa wa kampuni.

Ndilo jibu la kwanza la swali letu. Elimu ya mawe ya Katanga ilikuwa ya kampuni na ya chama kilichokuwa mbali. Iliandikwa kwa Kifaransa, ikachapwa Liège au Bruxelles, ikahifadhiwa Likasi au Tervuren. Mtu wa Kolwezi aliijua kwa mikono tu, kama mfanyakazi.

Wakongomani wanashika nyundo

Chuo kikuu cha Elisabethville kilifungua milango mwaka wa 1956, miaka 4 kabla ya uhuru. Ndicho Chuo Kikuu cha Lubumbashi cha leo, na idara yake ya jiolojia imelea vizazi vya Wakongomani wanaofanya kazi hapa, Zambia, Botswana na mbali zaidi. Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ilipita mikononi mwa taifa, na kampuni iliyozaliwa hapo ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines.

Ya ajabu kidogo ni kwamba kitabu kilichofungua macho ya wengi juu ya Kolwezi kilitoka wakati wa Zaïre, mwaka wa 1973, na kilitoka Likasi. Ni kijitabu cha kurasa 65 hivi cha Armand François wa Gécamines, juu ya ncha ya magharibi ya upinde wa shaba wa Shaba. Humo mpango mzima wa vipande vilivyovunjika umeelezwa, na wanajiolojia wanaendelea kukitaja hadi leo wanapoandika juu ya eneo hili. Mtu anayetaka kuelewa Kasulo angeanzia hapo. Kinapatikana wapi Kolwezi? Si kwenye duka la vitabu.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Vita vya Mei 1978 viliwaondoa wageni wengi Kolwezi. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476.000 za shaba. Mwaka wa 1990, mwezi wa Septemba, machimbo ya chini ya ardhi ya Kamoto yaliporomoka, na katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50.000. Wataalamu walikaa miezi bila mshahara. Waliobaki walilinda walichoweza: daftari, ramani, na yale masanduku marefu ya mawe ya duara yanayotolewa na mashine ya kutoboa, ambayo wenyewe huyaita karoti. Sanduku moja la karoti ni kazi ya wiki na pesa nyingi. Likimwagika, namba zikachanganyika, linabaki kokoto la kujengea.

Mwaka wa 2003 na 2004, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wengi Kolwezi bado wanacheka wakisikia neno hiari.

Na bado, mwaka huo huo wa 2003, Lubumbashi ilipokea mkutano wa kimataifa. Ulikuwa chini ya mpango wa jiolojia wa UNESCO, namba 450, juu ya shaba, zinki na madini mengine ya mawe ya kale ya Afrika na Amerika ya Kusini. Vita vilikuwa vimetoka tu kutulia, na wanajiolojia wa nchi mbalimbali walikuja, wakasikiliza, wakapanda magari kwenda kuona mashimo. Kati ya majina yaliyotawala uchunguzi wa wakati ule lilikuwemo la Mkongomani Henri Kampunzu, aliyefundisha Lubumbashi kisha Botswana, na aliyefariki mwaka wa 2004. Makala yaliyotokana na mkutano ule, ambayo yeye na Jacques Cailteux waliyaandika pamoja na wenzao juu ya asili ya shaba na kobalti ya ukanda huu, yangali yanasomwa.

Elimu hiyo haikuwa ya kuwekwa kabatini. Zamani wengi waliamini kwamba utajiri umeishia kwenye Série des Mines. Magharibi ya Kolwezi, ambako mchanga umefunika kila kitu na hakuna kilima cha upara cha kuonyesha njia, hapakuonekana kuwa na neno. Ivanhoe, kampuni ya Kanada, ilitoboa huko na kukuta Kamoa, na mwaka wa 2016 ikakuta Kakula. Shaba yake haimo katika Roan. Imo katika sehemu ya chini ya jiwe ambalo Wabelgiji waliliita Grand Conglomérat, mchanganyiko wa kokoto na tope ulioachwa na barafu miaka milioni 700 hivi iliyopita. Ndiyo, Kolwezi iliwahi kuwa na barafu. Machimbo yalianza kutoa shaba mwaka wa 2021 na sasa ni kati ya makubwa duniani.

Ramani ipo, lakini si ya mkaaji

Turudi Kasulo. Sheria ya Kongo iko wazi tangu mwaka wa 1966, na Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, imelirudia neno hilo: kilicho chini ya ardhi ni mali ya taifa. Mtu anaweza kuwa na karatasi zote za parseli yake, lakini jiwe lililo chini ya kitanda chake si lake. Kuna ofisi ya ramani za vibali vya madini, CAMI, na ramani hiyo haionyeshi mawe. Inaonyesha miraba, kila mraba na mwenyewe. Kuzunguka Kolwezi, miraba karibu yote ina mwenyewe.

Sheria hiyo hiyo inatambua maeneo ya wachimbaji wa mikono, yaani ZEA. Kwenye karatasi, hapo ndipo creuseur angefanya kazi bila kukimbizana na polisi. Tatizo ambalo wachimbaji na vyama vyao wamelilalamikia kwa miaka ni la kijiolojia kabisa: eneo linatangazwa bila kutobolewa kwanza. Watu wanafika, wanachimba, jiwe halipo, au lipo chini sana kwa mtu wa kamba na nyundo. Wanarudi walikotoka, ndani ya mraba wa kampuni. Sheria inataka shimo lisizidi mita 30, na shirika la serikali, SAEMAPE, lina kazi ya kuwafundisha na kuwasimamia. Lakini ile kofia ya kobalti haifuati sheria. Mshipa ukishuka, mtu anaufuata.

Mnamo 2017 serikali ya jimbo la Lualaba, pamoja na kampuni ya Kichina CDM, tawi la Huayou, ilizungushia uzio sehemu ya Kasulo. Familia kwa mamia zilihamishwa. Zilipewa kuchagua pesa au nyumba sehemu nyingine. Ndani ya uzio wachimbaji walisajiliwa, watoto wakakatazwa kuingia, na jiwe likawa la kuuziwa CDM. Waliokubali walisema angalau kuna utaratibu. Waliokataa walisema mnunuzi akiwa mmoja, bei nayo ni moja, ile anayoitaka yeye. Nje ya uzio, mashimo hayakuisha.

Na vumbi halikuomba ruhusa kwenye uzio. Mwaka wa 2018 kundi la watafiti wa Lubumbashi na Leuven, wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature Sustainability. Kati yao alikuwemo mwanajiolojia wa makumbusho ya Tervuren. Walipima damu na mkojo wa wakaaji 72 wa Kasulo, watoto 32 wakiwemo, wakalinganisha na watu wa mtaa mwingine usio na machimbo. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti katika mkojo kama mara 10 ya wale wengine, pamoja na dalili za madhara ndani ya chembe za urithi. Uraniumu pia ilikuwa juu. Kwa anayejua yale mawe ya Musonoi yaliyopewa majina ya wakurugenzi, uraniumu hiyo si jambo geni: katika mawe ya Kolwezi, kobalti na uraniumu mara nyingi ni majirani. Habari hiyo ilikuwa vitabuni tangu miaka ya 1960. Haikumfikia mama anayefagia uwanja wenye vumbi jeusi.

Namba inayosomwa na mwingine

Mahali ambapo elimu ya mawe inageuka kuwa pesa mbele ya macho ya watu ni Musompo, soko la madini nje ya mji. Creuseurs wanafika na mifuko juu ya pikipiki. Mnunuzi anachukua kipande, anakiponda, anakielekezea mashine ndogo ya mkononi ambayo kila mtu anaiita Metorex. Baada ya sekunde chache inatoka namba: teneur, kiasi cha kobalti ndani ya jiwe kwa mia. Namba hiyo ndiyo bei. Ikisoma 2 badala ya 4, kazi ya wiki nzima chini ya ardhi imekatwa nusu.

Mashine ni ya mnunuzi, na anayeisoma ni mnunuzi. Wachimbaji wamelalamika mara nyingi kwamba inapunjwa. Wazoefu wana kipimo chao cha zamani: uzito mkononi, weusi wa unga, jinsi jiwe linavyovunjika. Ni jiolojia pia, iliyojifunzwa kwa njia ya gharama kubwa, na mara nyingi haiko mbali na ukweli. Ila mezani haina thamani mbele ya namba.

Taifa limejaribu kushika mambo. Desemba 2018 kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, na mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya taifa, EGC, ya kununua kobalti yote ya wachimbaji wa mikono. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kabisa kuuza kobalti nje ili bei ipande, na Oktoba mwaka huo ikafungua tena kwa kugawa viwango kwa kila kampuni. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, kwa hiyo soko lilisikia. Wa Kasulo walisikia pia, kwa njia nyingine: wanunuzi walipofunga mikoba, mifuko ilibaki nyumbani.

Taasisi ya taifa ya jiolojia, SGNC, nayo ipo, na kazi yake ni hasa hii ya kuchora upya kile kilicho chini ya nchi. Lakini sehemu kubwa ya kumbukumbu za zamani, ramani, daftari za wahandisi na sampuli za mawe, iko Ubelgiji, katika makumbusho ya Tervuren. Julai 2025 serikali ya Kongo ilitia sahihi makubaliano na KoBold Metals, kampuni ya Kimarekani inayotafuta madini kwa msaada wa akili mnemba, na moja ya vipengele vyake ilikuwa kuzigeuza kumbukumbu hizo kuwa data za kompyuta. Kampuni hiyo inajua thamani ya daftari la mtu aliyetembea Katanga na nyundo miaka 100 iliyopita.

Vyuo vikuu vya Lubumbashi na Kolwezi vinaendelea kutoa wahandisi na wanajiolojia kila mwaka. Wengi wanatafuta nafasi kwenye kampuni zenye uzio, na nani atawalaumu. Wachache huishia kwenye vyama vya ushirika vya wachimbaji, ambako mtu anayeweza kutazama ukuta wa shimo na kusema hapa ni RSC, rudini nyuma, ana faida kuliko hotuba kumi.

Mvua za kwanza hufika Kolwezi karibu na Septemba na Oktoba. Udongo laini wa Kasulo unakunywa maji haraka. Wiki hizo wachimbaji wa zamani hupanda juu, wakiegemea mahema yao, wakisubiri kuta zikauke. Wale wenye deni hawasubiri.